Utayari wa Kutaga kwa Samaki Wadogo wa Tangini

Utayari wa kutaga ni hali ya muda ambapo samaki jike ana mayai yaliyopevuka tumboni, dume ana manii ya kuyatungisha, na mwenendo wa wote wawili unaonyesha kwamba wako karibu kuyatoa. Hali hii isichanganywe na ukomavu. Danio mwenye milia, ambaye wanasayansi humwita Danio rerio, hukomaa akiwa na umri wa miezi 3 hivi, lakini tangu hapo kuna siku hutaga na siku asizotaga kabisa.

Wafugaji wengi huanza kwa kutazama tumbo, nalo ndilo huwapotosha zaidi. Jike mwenye mayai hunenepa kuelekea nyuma, karibu na tundu la kutolea mayai, na akitazamwa kutoka juu huonekana mpana kuliko dume. Kwa tetra neoni, samaki mdogo mwenye mstari unaong'aa, unene huo huupinda hata ule mstari wa buluu wa ubavuni, ambao kwa dume hunyooka. Samaki aliyeshiba naye huvimba, ila uvimbe wake hukaa zaidi mbele, nyuma tu ya kichwa. Ukiwa na shaka, usimlishe kwa siku moja: tumbo la chakula litapungua, la mayai litabaki. Magamba yakisimama kama manyoya ya kuku atamiaye anapochokozwa, huo ni ugonjwa wa kujaa maji mwilini, wala hakuna mayai ya kusubiri.

Kwa maoni yangu, mwenendo ni shahidi mzuri kuliko tumbo. Dume wa danio aliye tayari humfuata jike bega kwa bega na kumgusagusa ubavuni, hasa alfajiri, kwa kuwa mwanga wa kwanza wa siku ndio unaoamsha utagaji wao. Koridora, samaki mdogo wa jamii ya kambare akaaye chini ya tangi, huchochewa na maji mapya yaliyo baridi kidogo, yanayofanana na yale ya msimu wa mvua. Jozi ya samaki malaika husafisha jani au kioo kwa midomo yao, na kila mmoja hutokeza kijimrija chini ya tumbo: cha jike ni kinene na butu, cha dume ni chembamba na kimechongoka.

Beta, yule samaki mpiganaji, anahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu kumkosea kunaweza kugharimu uhai. Dume hujenga kiota cha mapovu juu ya maji hata akiwa peke yake, kwa hiyo kiota hicho hakisemi lolote kuhusu jike. Kile kidoa cheupe chini ya tumbo la jike, yaani ncha ya mrija wa kutolea mayai, nacho huonekana hata akiwa bado hajawa tayari, ingawa wengi hukitegemea mno. Dalili yenye uzito ni michirizi ya wima inayojitokeza mwilini mwake amwonapo dume, huku akimkaribia kichwa kikiwa kimeinama. Michirizi ya mlalo kwa kawaida ni ya hofu. Jike asiye tayari akiachiwa dume, anaweza kujeruhiwa hadi kufa.

Kuitambua hali hii mapema kuna faida kubwa kwa danio na tetra, ambao hula mayai yao wenyewe pasipo kusita. Mfugaji wa danio huwatenga dume na jike kwa siku chache, kisha jioni huwakutanisha katika tangi dogo lililotandazwa gololi chini, ili mayai yadondokee katika nafasi ambazo midomo haifiki. Asubuhi akiona tumbo la jike limenywea, huwaondoa wazazi mara moja. Katika maji ya nyuzi 28 hivi za Selsiasi, mayai ya danio huanguliwa baada ya siku 2 hadi 3.