Kuandaa Nyumba kwa Majira ya Baridi Ukiwa na Fedha Kidogo: Maswali na Majibu kuhusu Afya

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya familia inayolazimika kuchagua, kwa sababu fedha haitoshi kugharamia kuni, umeme, mablanketi na dawa vyote kwa pamoja. Kwa hiyo yameshughulikia zaidi jambo moja: kipi kitangulie, na kipi kisifanywe kamwe hata kama ni bure.

Kwa nini baridi ya ndani ya nyumba ihesabiwe kuwa suala la afya, na si usumbufu tu?

Mwili unapopigwa na baridi, mishipa midogo ya damu iliyo karibu na ngozi hujibana ili joto lisipotee, na kwa kujibana huko shinikizo la damu hupanda, damu huwa nzito zaidi, na moyo hulazimika kufanya kazi kuliko kawaida. Ndiyo maana katika majira ya baridi huongezeka watu wanaopatwa na mshtuko wa moyo na kiharusi, wala si mafua na kikohozi peke yake kama wengi wanavyodhani. Mwenye pumu naye hubanwa kifua anapovuta hewa baridi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kuhusu makazi na afya, lilipendekeza kuwa joto la ndani katika maeneo yenye majira ya baridi lisishuke chini ya nyuzi 18 za Selsiasi, na likaeleza kwamba wazee, watoto na wagonjwa wa muda mrefu huenda wakahitaji joto zaidi ya hapo. Ukiweza kupata kipimajoto cha chumbani, kitundike katika chumba anacholala mtu dhaifu kuliko wote, kwa kuwa hicho ndicho chumba kinachopaswa kuongoza maamuzi ya nyumba nzima.

Fedha ni kidogo. Nianze na nini?

Anza kwa kuzuia upepo, fuata kwa kuuvika mwili, na moto uwe wa mwisho. Familia nyingi hufuata mpangilio wa kinyume: hununua nishati kwanza, kisha joto walilolilipia likatoka usiku kucha kwa kupitia ufa ambao ungeweza kuzibwa kwa kitambaa kuukuu.

Chagua siku yenye upepo, lowesha kiganja cha mkono, kisha kipitishe polepole kando ya fremu za madirisha, chini ya milango na mahali ukuta unapokutana na dari. Ngozi yenye maji huhisi upepo mwembamba ambao ngozi kavu haiutambui. Weka alama kila mahali uliposikia ubaridi, halafu anza na nyufa kubwa. Chini ya mlango panatosha nguo iliyochakaa, iliyoviringishwa na kushonwa kama mto mrefu. Dirisha lenye kioo kimoja linaweza kufunikwa kwa ndani na plastiki angavu iliyobandikwa kwenye fremu pande zote nne, kwa sababu hewa iliyonaswa kati ya kioo na plastiki hupunguza kasi ya joto kutoka. Acha hata hivyo dirisha moja katika kila chumba cha kulala ambalo linaweza kufunguliwa upesi, kwa ajili ya hewa na kwa ajili ya kujiokoa moto ukizuka. Mapazia mazito yafunguliwe jua linapoingia na kufungwa kabla halijazama. Sakafu tupu ya saruji au vigae itandikwe chochote kinachopatikana, hasa pale watoto wanapokaa kucheza.

Kuna matundu yasiyozibwa hata siku moja, nayo ni yale yaliyojengwa makusudi kwa ajili ya hewa, hasa katika chumba chenye jiko au hita inayounguza mafuta, gesi au kuni.

Je, ni lazima kupasha joto nyumba nzima?

Hapana. Chagueni chumba kimoja, kiwe kidogo na ikiwezekana kile kinachopata jua, na mfanye humo shughuli nyingi za jioni. Vitanda visogezwe mbali na kuta za nje. Tatizo la kukusanyika ni kwamba ugonjwa huenea kwa haraka, kwa hiyo anayekohoa afunike mdomo, alale mbali kidogo na wengine, na chumba kipitishwe hewa kila siku.

Tuna jiko la mkaa. Tukiliingiza ndani baada ya moshi kuisha, kuna ubaya gani?

Ubaya wake ni kifo, na ninaomba jibu hili lisomwe kwa wote waliomo nyumbani. Mkaa uliokolea, ule mwekundu usiotoa moshi wala mwali, ndio watu huuona kuwa salama, na kumbe bado unatoa gesi ya kaboni monoksaidi kwa wingi. Gesi hii haina rangi wala harufu. Ikivutwa, hujishikiza kwenye chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, hivyo damu huendelea kuzunguka bila kupeleka oksijeni ya kutosha kwenye ubongo na moyo. Aliyelala huweza kufa bila kuamka.

Dalili za mwanzo ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea, na kwa hiyo hudhaniwa kuwa mafua. Kinachopaswa kukushtua ni watu kadhaa wa nyumba moja kuumwa kichwa kwa wakati mmoja bila homa, kisha wakapata nafuu wanapotoka nje. Hali hiyo ikitokea, tokeni wote mara moja, ombeni msaada wa dharura, na asirudi mtu ndani kuchukua kitu. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutosha, na hukumu ni hiyo hiyo kwa jenereta, ambayo inapaswa kukaa nje, angalau mita 6 kutoka kwenye milango na madirisha.

Ingiza joto ndani, moto uache nje. Chemsha maji nje, yaache yapoe kidogo, kisha yajaze katika mfuko wa mpira wa maji ya moto hadi theluthi mbili, utoe hewa iliyobaki, ufunge vizuri na kuuzungushia taulo. Uweke kitandani kabla ya kulala na uutoe mtu anapoingia kulala, hasa mtoto, mzee au mwenye kisukari aliyepungukiwa hisia miguuni, kwa kuwa anaweza kuungua bila kujua. Nyumba yenye jiko la kuni lililounganishwa na bomba la moshi ihakikishe bomba hilo limesafishwa kabla majira hayajaanza. Kama kuna kifaa kimoja ambacho ningeshauri kinunuliwe hata kwa kujinyima, ni king'ora cha kutambua kaboni monoksaidi.

Baada ya kuziba nyufa, kuta zimeanza kuota ukungu. Tumekosea wapi?

Mvuke wa kupikia, kuoga, kupumua na kuanika nguo ndani sasa hauna pa kutokea, nao ukifika kwenye ukuta wenye baridi hugeuka maji. Fungueni madirisha wazi kabisa kwa dakika 5 hadi 10, mara mbili kwa siku. Hewa itabadilika kabla kuta na samani hazijapoa. Funikeni sufuria mnapopika, futeni maji kwenye vioo asubuhi, na kabati zisigusane na ukuta wa nje. Nguo zikilazimika kuanikwa ndani, ziwekwe katika chumba kimoja chenye dirisha wazi na mlango uliofungwa. Ukungu huchochea pumu, kwa hiyo mwenye pumu asiwe ndiye anayeusugua.

Tuvaeje ndani ya nyumba?

Nguo kadhaa nyepesi zilizopishana hutunza joto kuliko nguo moja nzito, kwa sababu hewa hunaswa kati yake. Sufu hutunza joto hata ikipata unyevu, ilhali pamba iliyoloa huupoza mwili. Badilisha soksi mbichi bila kuchelewa.

Mtoto mchanga afunikwe vipi usiku?

Mtoto mchanga hawezi kutetemeka vizuri ili kujipasha joto, lakini kumzidishia nguo nako kuna hatari, kwani joto kupita kiasi linahusishwa na vifo vya ghafla vya watoto usingizini. Kanuni ya kawaida ni kumvika nguo moja zaidi ya ile inayomtosha mtu mzima katika chumba hicho hicho. Alazwe chali, bila mto, bila kofia, na bila blanketi lililolegea linaloweza kumfunika uso. Mguse kifuani au kisogoni kujua hali yake. Viganja vya mtoto huweza kuwa baridi hata akiwa sawa.

Nitajuaje kwamba mzee amezidiwa na baridi?

Usisubiri alalamike, kwa kuwa umri hupunguza uwezo wa kuhisi baridi. Angalia kama maneno yake yanakokotwa, anajikwaa, amechanganyikiwa au anasinzia isivyo kawaida. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 hiyo ni dharura, na mzee aliyeacha kutetemeka bila kupashwa joto huenda hali yake imezidi kuwa mbaya. Ita msaada, mvue nguo zenye unyevu, mfunike kifua, shingo na kichwa, na mpe kinywaji cha vuguvugu iwapo ana fahamu kamili. Usimsugue mikono na miguu, usimwingize katika maji ya moto, na usimpe pombe, maana pombe hutanua mishipa ya ngozi na kulitoa nje joto lililobaki.

Tupunguze dawa ili tulipe nishati?

Dawa za shinikizo la damu, kisukari na pumu zisipunguzwe, kwani majira haya ndiyo zinapohitajika zaidi. Mweleze mhudumu wa afya hali yako mapema. Uliza pia kuhusu chanjo ya mafua makali, hasa kwa wajawazito, wazee, watoto wadogo na wenye magonjwa ya muda mrefu. Kinga yake huchukua takribani wiki 2 kujengeka, hivyo ichomwe kabla baridi haijashika.

Mtoto akikohoa, ni lini nisisubiri tena?

Akiwa ametulia, mfunue kifua na uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni ishara ya uwezekano wa nimonia, na apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta hewa, au hawezi kunyonya wala kunywa, au midomo imegeuka rangi kuwa ya buluu, apelekwe wakati huo huo, hata kama ni usiku wa manane, akiwa amefunikwa vizuri na uso ukiwa wazi.