Kinachogawanywa ni ziada

Naandaa mikataba ya ubia kati ya kampuni, na hakuna kauli ninayoisikia mezani kama hii: "Sisi ni wakubwa, kwa hiyo mgawo wetu uwe mkubwa." Upande mdogo mara nyingi huitikia tu, mwenye nguvu mpishe. Hapo mimi huomba karatasi.

Chukua kampuni mbili. Ya kwanza ikifanya kazi peke yake inapata faida ya 60, ya pili 20. Zikiungana zinapata 100. Katika hizo, 80 zilikuwepo hata kabla hawajasalimiana, kwa hiyo ubia umezaa 20 tu. Wakigawana kwa ukubwa, kampuni kubwa inaondoka na 75 na ndogo na 25, yaani katika ile ziada ya 20, kampuni kubwa imekula 15 na kumwachia mwenzake 5. Wakigawana zote 100 nusu kwa nusu, kubwa inapata 50, pungufu ya kile ilichokuwa nacho. Nani atatia saini hapo?

Sasa kubwa ikijitoa, ziada inabaki ngapi? Sifuri. Ndogo ikijitoa? Sifuri vilevile. Kwenye zile 20 wanahitajiana sawasawa, basi kila mmoja aongeze 10 juu ya chake: 70 kwa 30. Hesabu aliyoitoa mwanahisabati John Nash mwaka 1950 inafika hapohapo, na mwaka 1953 mwanahisabati mwingine, Lloyd Shapley, akaweka kanuni ya mgawo inayofaa hata wabia wakiwa watatu au zaidi.

Kazi iko kwenye zile 60 na 20, maana kila upande huvimbisha namba yake. Kuna kampuni iliyodai kikaoni kwamba ingeliingia soko lile bila mwenzake. Nikauliza kama imewahi kujaribu. Mkurugenzi akaanza kupekua mafaili ambayo nadhani hayakuwa na jibu. Tangu siku hiyo nataka kwanza hesabu zilizokaguliwa, mgawo baadaye.

Halafu kuna kifungu cha kuvunja mkataba, ambacho watu hukisoma wakiwa wameshachoka. Mbia mkubwa akiweza kujitoa kwa notisi ya siku 30, na mdogo ameshanunua mashine kwa ajili ya ubia huo, zile 70 kwa 30 ni za karatasini tu. Mwezi wowote yule mkubwa atarudi na kusema, "Tuzungumze upya." Mimi hung'ang'ania kwamba anayejitoa mapema alipe sehemu ya gharama ya mashine ambayo haijarudi. Wakubwa hununa, wakaomba siku mbili za kushauriana na mwanasheria wao.