Dawa za unyogovu kwa mwenye wasiwasi sugu: yasemwayo na ukweli wake

"Mimi ni wasiwasi tu unaonisumbua. Mbona nimeandikiwa dawa ya unyogovu?" Jina hilo limewatisha wengi bure. Dawa hizi zilianza kutumika kwa unyogovu, lakini leo setralini na esitalopramu ni miongoni mwa zile madaktari wanazoanza nazo kwa mtu ambaye moyo humwenda mbio kila feri ya Likoni inapojaa, au hapati usingizi kwa miezi akiwazia mabaya. Kunywa dawa hizi si dalili ya wazimu.

Kauli inayonisikitisha zaidi ni hii: "Nimemeza siku nne, hali imezidi, basi nimeacha." Siku za mwanzo wasiwasi huweza kupanda kweli, tumbo likachafuka, kichwa kikauma, usingizi ukapotea. Ndiyo maana setralini mara nyingi huanzwa kwa miligramu 25 kwa siku, kisha 50 baada ya wiki moja hivi. Kichefuchefu kwa kawaida hutulia ndani ya wiki mbili, ilhali nafuu ya wasiwasi huchukua wiki 2 hadi 6, na kwa wengine zaidi. Anayeacha siku ya nne ameonja madhara, faida hajaifikia. Lakini mawazo ya kujidhuru yakija, hapo hakuna kusubiri: hospitali siku hiyo hiyo. Walio chini ya miaka 25 waangaliwe kwa karibu zaidi wiki za mwanzo.

"Utageuka teja." La. Dawa hizi hazileti uchu, wala mtu hahitaji kuongeza dozi kila mara ili zimfae. Wanaosema hivi huzichanganya na Valium, ambayo kweli hutuliza upesi na kweli humzoesha mtu. Hata hivyo usizikate ghafla, kwani kizunguzungu, hasira na mishtuko kama ya umeme kichwani huweza kufuata. Hupunguzwa polepole, kwa kawaida baada ya miezi 6 au zaidi tangu mtu apate nafuu.

"Ni jini huyo, asomewe." Asomewe, na kidonge ameze. Kisomo hakigongani na dawa. Tatizo ni pale kombe, yale maji ya aya anayonyweshwa mgonjwa, linapochukua nafasi ya daktari. Ramadhani nayo si sababu ya kuacha, maana dawa ya mara moja kwa siku huweza kunywewa baada ya futari au wakati wa daku, ukishauriana na daktari kuhusu saa. Hospitali za Makadara na Port Reitz, Mombasa, zote zina huduma za afya ya akili, na tiba ya mazungumzo nayo husaidia sana, peke yake au pamoja na vidonge.

Jambo ambalo wengi hawamwambii daktari ni muguka, majani ya kutafunwa jamii ya miraa, na tramadoli, dawa kali ya maumivu. Muguka huchochea moyo na kufukuza usingizi, basi dawa inatuliza huku jani likiwasha. Tramadoli ni hatari zaidi: ikichanganywa na dawa hizi huweza kuleta degedege, homa kali na kutetemeka. Mwambie daktari hata kama unaona haya, kabla hujameza kidonge cha kwanza.