Swingi ya gofu: mikono inapewa sifa isiyo yake

Nenda asubuhi ya Jumamosi kwenye uwanja wowote wa mazoezi jijini Nairobi. Hutakosa kumwona bwana mmoja mwenye kifua kama gunia la mahindi, anapiga kwa dreva, fimbo ndefu ya kupeleka mpira mbali, kwa ghadhabu hadi mishipa ya shingo inamtoka, na mpira unachepuka kulia na kuzama mitini. Kando yake kedi mwembamba, mbeba fimbo wake, anaomba ajaribu mara moja. Anazungusha fimbo (mzunguko huo ndio swingi) kama mtu asiye na haraka, mpira unapotea machoni. Watu watasema ni kipaji. Ukimtazama vizuri utaona mwili wake unafanya kazi kwa zamu, ilhali wa bwana yule unafanya kila kitu kwa mkupuo mmoja.

"Anayepiga mbali ana mikono yenye nguvu." Hii ndiyo mama wa dhana potofu za swingi. Kasi huanzia chini: miguu inasukuma ardhi, nyonga zinageuka kuelekea shabaha, kifua kinafuata, halafu mikono, na fimbo inakuja mwisho kabisa. Kila kiungo kikishafika kilele chake hupunguza mwendo na kumwachia anayefuata. Ndiyo maana, muda mfupi kabla ya kugonga mpira, mikono ya mchezaji mzuri huwa inapungua kasi, na kupungua huko ndiko kunakosaidia kichwa cha fimbo kufyatuka. Aliyewahi kufyeka nyasi za shule kwa fyekeo analijua jambo hili bila kufundishwa. Anayelazimisha kwa bega huchoka kabla ya mstari wa kwanza kuisha. Mzoefu anayumba kiunoni, fyekeo linajipeleka.

Rory McIlroy, mchezaji wa kulipwa, ana kimo cha mita 1.75 tu, lakini msimu wa 2022–23 aliongoza ziara ya PGA, mfululizo wa mashindano ya wanagofu wa kulipwa Marekani, kwa urefu wa mipigo ya dreva, wastani wa yadi 326. Sisemi misuli haina maana. Bryson DeChambeau alijijaza mwili na mwaka 2020 akatwaa US Open, moja ya mashindano makubwa ya gofu. Ila tayari alikuwa na mpangilio wa kuipitisha hiyo nguvu. Misuli bila mpangilio ni injini kubwa kwenye gari lisilo na gia.

"Ukitoka juu, shuka kwa kasi yote." Fimbo hushuka hadi kwenye mpira kwa takriban robo ya sekunde. Mwenye haraka huanza na mikono, na pembe kati ya mkono na fimbo inafunguka mapema. Kasi inatumika hewani, mpira unaachiwa mabaki. Kuna njia rahisi ya kujipima: geuza dreva, ishike upande wa kichwa, kisha uizungushe. Itatoa mlio wa "vuuu". Ukisikika karibu na bega lako la nyuma, umeshaimaliza nguvu. Unatakiwa usikike pale mpira ungekuwepo, au mbele yake kidogo.

"Kamata fimbo kwa nguvu." Kiganja kikikaza, mkono unakaza hadi begani na kifundo cha mkono kinakuwa kigumu. Shika kiasi cha fimbo kutokuponyoka, basi.

"Usukume mpira ukishaugusa." Fimbo na mpira hugusana kwa takriban sekunde 0.0005. Kwa kasi ya kilomita 180 kwa saa, ambayo ni karibu na wastani wa wanaume wa PGA, huo ni mwendo wa sentimita mbili na nusu hivi. Hakuna misuli inayopata habari kwa muda huo, sembuse kusukuma. Kinachobaki ni kasi uliyofika nayo na mahali ulipogonga. Ukigonga katikati ya uso wa dreva, mpira huondoka kwa karibu mara 1.5 ya kasi ya fimbo. Ukigonga pembeni, sehemu ya jasho lako imepotea.

"Kichwa chini!" Kila mgeni wa gofu ameambiwa hivi, mara nyingi na mtu mwenye matatizo yaleyale. Annika Sörenstam, aliyeshinda mashindano 72 ya LPGA, ziara ya wanawake, alikuwa ameshaanza kugeuza uso kuelekea shabaha wakati wa kugonga. Ukiking'ang'aniza kichwa chini, kifua kinakwama na mzunguko unakatika katikati.

"Rudisha fimbo nyuma hadi mwisho." Mtazame Jon Rahm. Alizaliwa na tatizo la mguu wa kulia lililomwachia kifundo kisichonyumbulika sana, na swingi yake ya nyuma ni fupi. Ameshinda US Open ya 2021 na Masters ya 2023, shindano jingine kubwa. Kinachozaa kasi ni mvutano kati ya nyonga na mabega. Kuipeleka fimbo mbali zaidi kwa kukunja viwiko hakuongezi chochote.

Dhana ya mwisho ni yetu wenyewe, watu wa bara: kwamba umbali ukipungua, swingi imeharibika. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira hauzuiliwi sana. Mtu akizoea umbali wa uwanja wa Muthaiga, Nairobi, kisha ashuke ule wa Nyali, Mombasa, atapungukiwa yadi kumi na zaidi kwa mpigo uleule, aanze kuongeza nguvu za mikono na kuharibu alichokuwa nacho. Swingi yake haina kosa. Achukue fimbo ndefu zaidi kwa hatua moja, kama ya namba 6 badala ya namba 7.