Kanda na kompyuta: tunayodanganyana studioni

Juzi jaduong' (mzee, kwa Kiluo) mmoja aliniletea kaseti nne za benga hapa studioni kwangu Kondele, Kisumu, zimefungwa kwenye mfuko wa plastiki, nizihamishie kwenye flashi. Akasikiliza kidogo, akatikisa kichwa. "Kijana wangu, hizi kompyuta zenu hukata sauti vipande vipande. Hii ndiyo sauti nzima." Maneno hayo siku hizi nayasikia hata kwa vijana wa ohangla, muziki mwingine wa Kiluo, ambao hawajawahi kugusa kanda.

Ni kweli kompyuta hupima sauti. Kwa kiwango cha CD hupima mara 44,100 kila sekunde. Uongo ni kwamba kati ya kipimo na kipimo kuna pengo, eti wimbi hutoka kama ngazi. Ukipima zaidi ya mara mbili ya mtetemo wa juu kabisa unaoutaka, wimbi lote hurudi laini. Vipimo 44,100 vinabeba mitetemo isiyofika 22,050 kwa sekunde, na sikio la kijana mzima huishia karibu na 20,000. La jaduong', anisamehe, liliishia chini ya hapo kitambo.

Wengine huniambia, "Kanda ni safi zaidi." Wapi! Kaseti hutembea sentimita 4.76 tu kwa sekunde, na ule mlio wa *shhh* haukosi. Hata kanda ya studio inayokimbia sentimita 38 haifikii utulivu wa biti 16 (tarakimu za 0 na 1 zinazoandika kila kipimo kwenye CD), ambazo huacha kama desibeli 96, yaani vipimo vya ukubwa wa sauti, kati ya sauti kubwa kabisa na kelele ya chini.

Basi lile "joto" ambalo watu husifia kwenye sauti ya kanda linatoka wapi? Linatoka kwenye kosa. Chembe za sumaku zilizopakwa kwenye kanda hushiba polepole zikizidiwa, kwa hiyo vilele vya sauti hubanwa kwa upole na sauti hunenepa. Kompyuta haina upole huo: ikifika mwisho hukata kilele kama panga. Niliyaona haya nikirekodi nyatiti, kinubi cha Kiluo. Nyuzi zake nane hazikunisumbua, lakini pete ya chuma kwenye kidole cha mguu cha mpigaji, kila ikigonga mbao, taa nyekundu ya kuonya kwamba sauti imezidi iliwaka, na nikipiga tena nasikia mkwaruzo. Kanda ingeimeza ile pete. Mimi nilishusha tu kipimo cha kuingiza sauti, nikaacha desibeli kumi za nafasi, yakaisha. Ajabu ni kwamba maprodyuza wengi bado husukuma sauti hadi kwenye nyekundu, tabia waliyorithi kwa watu wa kanda, na kwa biti 24 haina faida yoyote.

Na kanda si lazima iwe analogia, yaani ya kuhifadhi wimbi lenyewe badala ya namba. Denon, kampuni ya Japani, walirekodi kidijitali mwaka 1972, na data yenyewe iliwekwa kwenye kanda ya video. Wala si kweli, kama wengine wanavyodai, kwamba wazee walipiga kila kitu kwa mkupuo mmoja. Les Paul, mpiga gitaa wa Marekani, alikuwa na mashine ya kurekodi ya Ampex ya njia nane, kila njia na sauti yake, tangu 1957, na kanda ilikatwa kwa wembe na kuunganishwa kwa utepe wa gundi.

Kuhusu kudumu, nisingeapa kwa upande wowote. Kaseti moja ya jaduong' ilikuwa imeota ukungu. Ziwa liko karibu, na unyevu hauna huruma. Kila baada ya dakika chache nilifuta hedi, sehemu ya mashine inayosoma kanda, kwa pamba na spiriti, pamba ikatoka rangi ya chai ya rangi. Lakini diski yangu pia ilishawahi kufa na albamu nzima ndani, bila ukungu, bila onyo.

Nilipomaliza nikaondoa *shhh* yote kwa programu, nikajivunia. Akasikiliza, akavua headifoni.

"Umetoa nini hapa?"

"Kelele tu, jaduong'."

"Irudishe."

Nikairudisha, nikamwekea kwenye flashi mbili, na kaseti zake nikazirudisha kwenye mfuko.