Mludaiti si mtu anayeogopa mashine

Juzi nimelisikia tena redioni, katika mjadala wa akili bandia: "Jamani, tusiwe Waludaiti." Msemaji alikusudia watu waoga wa teknolojia. Wengine humwita hivyo hata bibi aliyekataa simu janja.

Waludaiti walikuwa mafundi wa nguo wa Uingereza waliovunja mitambo kati ya 1811 na 1816, wakianzia Nottinghamshire. Jina linatokana na Ned Ludd, anayesimuliwa kuwa kijana wa Leicestershire aliyepandwa na hasira akavunja mtambo wa kufuma mwaka 1779. Hakuna aliyethibitisha kwamba aliwahi kuishi. Mafundi walimpa cheo cha jenerali, wengine cha ufalme, wakatia jina lake kwenye barua za vitisho, nyingine zikidai kutoka msitu wa Sherwood, kwao Robin Hood, yule mwizi wa hadithi aliyewaibia matajiri akawapa maskini. Serikali ikawa inamsaka mtu asiyekuwapo.

Sasa huo woga uko wapi? Mtambo wa kufuma soksi ulibuniwa na William Lee mwaka 1589. Kufikia 1811 ulikuwa na zaidi ya miaka 200. Wafumaji wa Nottinghamshire walizaliwa wakaukuta nyumbani na kuula mkate wake; waliujua kama mvuvi anavyoujua wavu wake. Wala hawakuvunja kila mtambo. Waliwalenga wenye kufuma kitambaa kipana, wakakikata na kukishona kuwa soksi hafifu zilizofumuka upesi. Waliwalenga pia walioajiri vijana wasiopitia uanagenzi ili washushe ujira. Mtambo wa tajiri aliyelipa bei iliyokubaliwa waliuacha.

Yorkshire ilikuwa tofauti kidogo, na ni haki kusema hivyo: huko mashine za kunyoa vitambaa vya sufu zilikuwa kweli zinachukua kazi ya mafundi wa mkasi. Lakini hata hao walianza kwa kwenda bungeni, wakiomba sheria za zamani za kazi yao zitekelezwe. Bunge likazifuta mwaka 1809. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimeshapigwa marufuku kwa sheria za 1799 na 1800. Vita na Napoleon vilikuwa vimebana masoko, na mkate umepanda bei. Mtu wa namna hiyo angelalamika wapi? Mwaka 1812 Bunge liliamua kwamba avunjaye mtambo anyongwe, ingawa mshairi Byron alisimama katika Baraza la Mabwana kuipinga sheria hiyo. Januari 1813, watu 17 walinyongwa York.

Kwa hiyo yule bibi tuseme tu kwamba hapendi simu. Lakini mfanyakazi anayeuliza mashine mpya imeletwa kwa makubaliano ya nani, na ujira wake utakuwaje, huyo ukimwita Mludaiti utakuwa umelitumia neno mahali pake, na hujamtukana.