Steam Deck ni sawa na kadi gani? Gawanya kwa pikseli kwanza

Juzi dogo mmoja kaniletea Steam Deck yake, kile kikompyuta cha gemu cha kushika mkononi, analalamika imeisha nguvu, kisa kaichomeka kwenye tv ya 4K sebuleni kwao gemu likaanza kukwamakwama, wakati mkononi lilikuwa linatembea fresh kabisa. Halafu akamalizia na lile swali ninaloulizwa kila siku: "bro kwani hii ni sawa na kadi gani ya grafiki ya desktopu?"

Mi huwa nailinganisha na kadi ya RX 6600 maana ni ndugu wa damu, grafiki zote za kampuni ya AMD na zote muundo mmoja, RDNA 2. Teraflopu (trilioni za hesabu kwa sekunde) za wapinzani wao Nvidia ukizipanga na za AMD ni kama debe na kilo, utabishana mpaka asubuhi. Sasa Deck, ile ya kwanza ya 2022, ina kompyuti yuniti (vile vitengo vya kupiga hesabu za picha) 8, na RX 6600 ya 2021 inazo 28. Chukulia ni majiko ya mkaa ya fundi mmoja, huyu anayo 8 yule 28, na yule anapepea kwelikweli maana ya kwake yanafika karibu gigahezi 2.5 wakati ya Deck yanaishia 1.6. Jumla inakuja teraflopu 1.6 kwa 8.9.

Mbona hawakuweka yote 28? Umeme bana. RX 6600 peke yake inakula wati 132 hapo prosesa bado, wakati chipu nzima ya Deck, prosesa na grafiki humohumo, kikomo chake wati 15. Betri yake ni ya wati-saa 40, ilishe RX 6600 uone, dakika 18 imezima na vidole vishaungua.

Kwenye memori ndo watu wanajichanganya, eti Deck ina gb 16 kadi ina 8 kwa hiyo Deck kashinda. Hapana, zile 16 ni chungu kimoja, prosesa anachota, grafiki anachota, na kasi yake ni gigabaiti 88 kwa sekunde, RX 6600 ina 224 na zote zake. Ukigawa kwa jiko utaona Deck inapata 11 na mwenzie 8, usidanganyike, RX 6600 ina kashe, yaani kimemori kidogo cha haraka, ya megabaiti 32 ndani ya chipu, safari nyingi za kwenda memori haziendi kabisa.

Ila kitu kinachoiokoa Deck ni skrini. 1280 kwa 800 ni pikseli kama milioni moja tu, 4K ni milioni 8.3. Gawanya: Deck mkononi ina teraflopu 1.56 kwa kila milioni ya pikseli, RX 6600 kwenye 4K inabaki na 1.07! Hesabu ya gengeni hii, sawa, lakini ndo maana kidude cha wati 15 kinaonekana kinatamba. Sasa dogo alikuwa kaingia kwenye setingi kalazimisha gemu liende 4K, hapo Deck inabaki na 0.19, itatoa wapi?

Nikamshushia gemu hadi 1280 kwa 720 nikawasha FSR, ile mbinu ya AMD, ikuze picha, likatulia. Ukisogelea tv majani yana ukungu ukungu, ila kochi la kwao lilivyo mbali hata mama yake hajagundua.